Daftari la Mbwa

Ukurasa una safu nne: tarehe, boma, jina la mbwa, mwenyewe.
Safu ya tatu ndiyo inayonitesa.
Huku juu Sanetti mbwa hapewi jina;
hupewa jiwe akisogelea jiko,
na mfupa, siku ya kuvuna shayiri.

"Andika Mbwa," huniambia Badhaso,
magoti yamembana mmoja mbavuni,
mikono yake ya kufuga farasi imeshika taya.
Namjibu: wa ofisini Dinsho hawataki Mbwa mara mia tatu.
Basi twawapa majina papo hapo, kifuniko cha sindano kiko menoni mwangu:
Mkia-nusu. Deni. Mla-siagi. Shemeji.
Yule wa kwa Kadiro tulimwita Waziri,
kwa kuwa alisinzia hata tulipomchoma.

Si mbwa tuliowajia. Kila mtu ajua.
Tumemjia mwekundu yule wa miguu mirefu,
anayesimama juu ya tundu la fuko, kimya,
kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.
Jeedala farda, walisema babu zetu: mbweha wa farasi,
kwa vile humwandama farasi jike mwenye mimba
akingojea kondo lianguke.
Wamebaki wachache. Ukiwakusanya uwanjani pa shule
watoto bado watapata pa kuchezea mpira.

Na siku hizi hafi kwa mkuki.
Mate ndiyo yanayomuua.
Mbwa mmoja wa boma arudi na kichaa kutoka barabara kuu,
wanusane puani penye mzoga,
basi. Wiki chache, ukoo mzima chini.

Mwaka jana, mstari wa kumi na saba:
Boma la Shambu. Mbwa: — . Mwenyewe: yuko sokoni.
Nilichora kistari. Mvua ilikuwa yaja,
barafu ya kashani imeshakuwa maji,
na nilitaka chai.
Nikasema, kesho.
Kesho ikaja baada ya siku hamsini.

Tuliwakuta tisa. Wa kumi alikuwa angali anatembea,
anaangukia ubavu, anainuka,
anang'ata shina la lobelia kana kwamba limemtukana.
Badhaso alivua kofia. Mimi nilihesabu,
maana ndiyo kazi yangu, kuhesabu.
Sakitu ilikuwa imeshika nyusi zao.
Alikuwa mbwa gani? Hakuna ajuaye. Hakuna atakayejua.
Lakini kistari changu nakijua.

Leo tumerudi kwa Shambu.
Ametuwekea mtindi na mkate, yeye hakuketi.
Akauliza huku anamtazama farasi wake:
"Alikuwa wangu?"
Badhaso akajifanya anatafuta sindano
aliyokuwa ameishika.
"Yuko wapi yule mbwa?" nikasema.
"Alipotea. Aliondoka anayumba kama mlevi."
Kisha upepo, na chungu kikichemka.
"Ningekuwa nyumbani siku ile..."
"Ningerudi kesho yake," nikasema mimi.
Tukanywa mtindi. Ulikuwa mkali kidogo, mzuri.

Ndipo binti yake, Kamariya, akaja na kitoto cha mbwa ndani ya shuka,
chekundu, kina baka jeupe kooni,
kinamtafuna kidole.
Sindano ilipoingia hakikulia. Aliyelia ni Kamariya.
"Jina?"
"Jeedala."

Kalamu ikasimama.
Ofisini watadhani nimemdunga mbweha,
watapiga simu, wataniita nijieleze.
Badhaso akacheka, mara ya kwanza tangu wale kumi,
akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikaandika. Kwa herufi kubwa,
mstari wa kumi na saba.
Kisha tukafunga kasha, tukavuka kijito
kwenda boma la kumi na nane,
ambako tayari walikuwa wanabweka.