Upande wa Pili

Herufi S ndizo zilizoanza kuugua:
mwimbaji akikaribia mwisho wa santuri
anatema mchanga.
Nikapangusa vumbi. Nikaongeza uzito wa mkono.
Nikalaumu baridi ya Turku, kisha masikio yangu.

Fundi Veikko aliitazama sindano chini ya lenzi
mpaka kahawa yake ikapoa.
"Almasi imelika upande, kama kisigino cha kiatu.
Mpira nao umekauka. Naweza kushona,
ila ushonaji utazidi bei ya nguo."
"Ningebadilisha lini?"
"Kabla hujafikiria kuniuliza, Aune."

Usipoziba ufa, walisema wahenga.
Hawakuijua santuri:
humu ufa ndio nyumba, mtu anaishi ndani,
na sindano butu humkwangulia kuta kila akiimba.

Nikanunua mpya. Nikaweka santuri ya Eino,
ile dansi ya tango tuliyocheza jikoni
tukiwa na soksi tu.
Sindano mpya ikasoma yote kwa uaminifu,
hata mchanga.
Miaka miwili ya ukaidi wangu, imechongwa,
haitoki.

Nikaigeuza.
Upande huu hatukuupenda kamwe.
Mzima kabisa.