Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Mlima wa Riat ulianza kunikataa mwezi wa Machi.
Gia ya tatu, ya pili, kisha ya kwanza,
na bodaboda mwenye kreti mbili za mikate
akanipita akinipungia mkono.
Tangi la Jumatatu halikuiona Alhamisi.

Nikaishtaki injini.
Nikabadilisha plagi zote sita, filta ya hewa, filta ya mafuta,
nikamlipa kijana wa Kondele kwa kompyuta yake
ambayo haikupata pa kuchomekwa.
"Ni uzee, madam," akasema.
Gari ni la mwaka tisini na tano. Mimi pia si wa jana.

Leo, Kibuye, fundi Nyangweso hakufungua boneti.
Alilizunguka gari polepole, mikono nyuma,
akainama, akagusa rimu moja moja
kama mama apimaye homa kwa kiganja.
Ya nne ikamchoma.

Akapiga jeki. "Zungusha."
Nikasukuma kwa mikono miwili. Gurudumu likagoma.
Pistoni ya breki imeota kutu,
imeshika, haijaachia tangu masika.

Kumbe miezi mitatu nakanyaga mafuta
huku nimeshikwa nyuma,
na lawama zote nampa anayevuta.

Msasa, grisi kidogo.
Alitaka mia nane na soda.

Jioni Riat ulinipitisha kwa gia ya tatu.
Nilipofika nyumbani nilifungua boneti,
nikasimama pale, joto likinipiga usoni,
nikakosa la kuiambia.