Neno la Herufi Tatu

Dada yangu Mwanakheri alicheka simuni hadi akakohoa:
"Umevuka bahari kuwapelekea Wazungu Kizungu?
Maji kisimani, tena bila ujira?"
Nikamjibu, nauli ya basi wananirudishia,
na saa sita napewa supu ya karoti.
Akacheka upya.

Hii ni Dundee. Si Uingereza,
alinisahihisha Dougal, mshika funguo wa shule,
kwa Kiingereza ambacho miaka thelathini na moja ya chaki kule Korogwe
haikunifundisha hata robo yake.
Swali lake lililofuata nililijibu: ndiyo.
Baadaye nikaambiwa alikuwa ameniuliza jina.

Jumanne na Alhamisi, chumba cha nyuma ya jiko,
viti vinavyonipandisha magoti hadi kidevuni,
watoto watano.
Rawan wa Idlib. Pacha wa Kirumania wanaojibu kwa zamu.
Farzad, achoraye injini pembeni mwa kila ukurasa.
Na Byamungu wa Uvira, ambaye siku ya kwanza
alininong'oneza, jicho mlangoni:
"Mwalimu, huku banapiga mutu akisema Kiswahili?"

Shingo yangu ilikumbuka kabla yangu mimi:
kibao cha mninga, kamba ya katani,
chokaa ikinitangaza mjinga
kwa kuomba maji kwa lugha ya mama.
Nilikivaa tangu gwaride hadi kengele ya mwisho.
Kisha nikakua, nikawa mwalimu,
na (niseme tu, huku hakuna anijuaye)
nikawavisha wengine.

"Hapana," nikamwambia. "Hapa hatupigi."
Akakaa. Akatoa penseli.

Somo la wiki ya tatu: yale maneno madogo
yanayotangulia majina, ambayo sisi hatuna
wala hatujawahi kulala njaa kwa kuyakosa.
La herufi moja, kwa kitu kinachobisha hodi mara ya kwanza:
mbwa fulani, mlango fulani, bado hatujajuana.
La herufi tatu, kwa kitu tukijuacho sote,
wewe unayesema na mimi ninayesikiliza.
Nikachora mbwa ubaoni. Akatoka mbuzi.
Pacha wakasahau zamu, wakacheka pamoja.

Haya, sentensi moja: zamani mliishi wapi?
Rawan aliandika polepole, ncha ya ulimi nje:
Niliishi katika, herufi tatu, nyumba.

Kalamu nyekundu ikashuka yenyewe,
mkono una mazoea yake.
"Nyumba gani, Rawan? Mimi siijui.
Kwanza tunaanza na lile la herufi moja."
Alinitazama kama mtu atazamavyo mjinga mwenye cheti.
Akageuza ukurasa. Akachora:
ngazi kumi na nne, alizihesabu kwa sauti.
Tangi la maji juu ya paa.
Dirisha lililozibwa kwa blanketi la bibi,
na maua ya blanketi, moja moja, bila haraka,
hadi kengele ikalia na hakuna aliyesimama.
Upande wa kushoto hakuchora ukuta.
Alifika pale, akalaza penseli.

"Sasa," akasema, "unaijua."

Nikaweka vema. Kubwa, jekundu, lililovuka pambizo.
Farzad akaomba karatasi nyingine.

Kituoni mvua ilikuwa ile yao, isiyonyesha wala kuacha.
Nikampigia Mwanakheri.
"Unamkumbuka mtoto wa Mzee Shekalaghe?
Darasa la nne. Mwenye kigugumizi.
Niliyemvisha kibao siku tatu mfululizo."
"Watoto wa Shekalaghe walikuwa tisa. Yupi?"
"Yule."

Safari hii hakucheka.
"Ah," akasema. "Yule."
Basi likaja, sikulipungia mkono, likapita.