Sufuria Moja, Kwenda Githurai

Walikuja Jumanne, watatu, bila miadi,
wakapanda hadi ghorofa ya pili, Barabara ya Lusaka,
viatu vyao vimebeba udongo mwekundu wa Kahawa West.
Nasieku alitangulia, kipakatalishi kifuani
kama mtu anayemkinga mtoto na mvua.
Odwori alibeba waya. Kithinji hakubeba kitu;
nilikuja kuelezwa baadaye kwamba yote yalikuwa kichwani mwake.

Nikawaagizia chai. Hapo sikukosea.

"Mzee Mokua," akasema Nasieku, "malori yako kumi na moja
yanarudi matupu kutoka Nakuru kila usiku."
Nani kakwambia?
"Tumekaa langoni pako wiki mbili, tukihesabu."
Nikacheka. Haki ya Mungu nilicheka.
Mimi, miaka ishirini na sita katika usafirishaji,
nihesabiwe malori na watoto walioketi juu ya mawe!

Wakawasha mtambo wao. Wakanifungulia akaunti,
neno la siri jina la mama yangu,
wakaniambia nitume chochote, cha mfano tu.
Nikaandika: sufuria moja, kutoka hapa hadi Githurai.
Nukta ya kijani ikaanza kutambaa kwenye ramani
kama siafu aliyenusa sukari,
umeme ukapotea.
Kipakatalishi kilikuwa cha kuazima, betri yake marehemu.
Tukabaki gizani tukisikiliza chai ikinywewa.

Bei yao: milioni mbili unusu.
Si kwa sehemu. Kwa yote: programu, jina, madeni,
na wao wenyewe, miaka mitano, kwa mshahara wa karani.
Bi. Wairegi wa hesabu akanitazama juu ya miwani,
akaandika kitu daftarini, akakipigia mstari.
Sikuuliza ni nini.
Mdogo wangu Ondieki akasema, "Kaka, programu haina magurudumu."
Tukaipenda kauli ile. Tuliirudia mwezi mzima,
harusini, hata matangani.

Rudini baada ya Pasaka, nikawaambia.
Pasaka ilirudi.
Mimi nilikuwa nimeshanunua lori la kumi na mbili.

Msiniambie majuto ni mjukuu.
Wajukuu ninao wanne, nawajua:
huja Jumapili, huvunja vitu, huondoka.
Hili haliondoki. Liko Westlands, kwenye jengo la vioo,
herufi za kijani ndefu kuliko nyumba yangu;
liko kwenye simu ya dereva wangu,
anayepokea kazi kutoka kwao
kisha ndipo ananiarifu mimi;
liko kwenye ankara, kila tarehe tano,
asilimia kumi na nne ya kila nilichobeba.

Watu husema ningekuwa tajiri. Mimi sina hakika.
Pengine ningewaweka chumba cha nyuma, karibu na matairi,
Kithinji ningempa printa airekebishe,
Odwori ningemtuma benki kupanga foleni.
Pengine mbegu ile, mkononi mwangu,
ingeishia kuwa githeri.
Hilo nalo linauma, ila ubavu mwingine.

Lori la kumi na mbili liko nyuma ya ghala, juu ya mawe.
Paka kazalia kwenye kiti cha dereva.

Jana usiku, usingizi umenigomea,
nikajaribu kuingia kwenye akaunti ile.
Kerubo, nikaandika. Jina la mama.
Ikafunguka. Miaka tisa hawakuifunga,
ama kwa kusahau ama kwa heshima, sijui.
Ramani mpya, rangi mpya, malori ya watu yanatambaa kote,
na chini kabisa, peke yake,
sufuria moja, Barabara ya Lusaka hadi Githurai.
Hali: inasubiri mteja athibitishe.

Palikuwa na kitufe.
Nilikaa nacho hadi adhana ya South B.