Inchi Thelathini

Jora la sufu ya buluu lilikuwa limebaki yadi tano na robo.
Koti la Mama Kielly lilitaka yadi mbili na theluthi mbili.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, penseli sikioni,
na kiburi cha mtoto aliyesifiwa Ijumaa mbele ya darasa.

Nje, theluji ya Newfoundland ilifika kwenye kitasa cha mlango.
Ndani, Bibi Dulcie alikuwa na pini kumi mdomoni
na jiko la kuni lilikuwa likikohoa.
"Zitabaki ngapi?" aliniuliza kwa nyusi.
Nikachana Desemba kwenye kalenda, nikaandika mgongoni mwake.

Robo na theluthi hazisikilizani, hilo nililijua:
hii asili yake nne, ile asili yake tatu,
na huwezi kutoa moja kwa nyingine
kabla hazijakutana mahali pa wote.
Nikazikutanisha kwenye kumi na mbili.
Robo ikawa tatu za kumi na mbili.
Theluthi mbili zikawa nane.
Mpaka hapo mwalimu angenipa vema.

Halafu nikafika kwenye tatu toa nane,
na tatu ikanitazama, mikono mitupu.

Nikafanya wanavyofanya waoga:
niligeuza swali.
Nane toa tatu, tano. Tano toa mbili, tatu.
"Yadi tatu na tano za kumi na mbili!" nikatangaza,
na Mama Kielly, aliyekuwa akijaribu kola kwenye kioo,
akasema basi, Ambrose naye apate koti,
yadi tatu na kitu zitamtosha,
mvulana mwenyewe ufito.

Makasi yakaanza kutafuna sufu.

Jioni, kitambaa kiliisha
kabla ya hesabu yangu kuisha.
Bibi akapima tena kwa futikamba. Akapima mara ya tatu, polepole,
kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka.
Yadi mbili na inchi ishirini na moja.
Zilipungua inchi thelathini
na hakuna aliyeziiba.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.
Alitema pini kwenye kisahani, moja, moja,
akaisogeza taa, akasema:
"Dogo likishindwa kutoa kubwa, usiligeuze.
Nenda kwa jirani. Hiyo tano imekaa hapo nzima, imeshiba.
Piga hodi. Kopa moja."

Nikakopa. Tano ikawa nne, wala haikunung'unika.
"Sasa ivunje, kama unavyovunja noti dukani.
Mtaa huu wanatumia sarafu gani?"
"Za kumi na mbili."
"Basi hiyo moja ni kumi na mbili za kumi na mbili.
Mpe maskini wako."

Tatu ikawa kumi na tano.
Kumi na tano toa nane, saba. Nne toa mbili, mbili.
Yadi mbili na saba za kumi na mbili:
ndizo zilizokuwa zimelala mezani,
zikinisubiri tangu asubuhi.

Koti la Ambrose lilipata mikono ya kijivu,
iliyokatwa kwenye blanketi la meli la marehemu babu.
Shuleni wakamwita Mikono ya Mkopo.
Alilipigania jina hilo mara mbili. Mara ya tatu alichoka,
akaliitikia.
Mimi nilikuwa napita upande wa pili wa barabara
mpaka barafu ilipoyeyuka.

Siku hizi ana mvi, anaendesha gari la kusukuma theluji.
Cherehani ya Bibi iko kwangu.
Mwezi uliopita aliingia na koti jipya, la dukani,
lebo bado inaning'inia,
akasema anataka mikono ibadilishwe.
"Ya kijivu," akasema, "kama unayo."

Nikampima kutoka begani hadi kwenye kifundo cha mkono.
Nikaandika.
Nikapima tena.