Vifungo vya Mama Nsimire

Nilianza vibaya. Niliandika:
"Ndugu zetu, mama yetu anaumwa sana, saidieni,
Mungu atawabariki."
Nikaweka picha niliyoipiga kwa kuiba, usiku, umeme umekatika,
amelala, mdomo wazi, taa ya simu
ikimfanya kama mtu aliyekwisha kuzikwa.

Siku ya kwanza: dola tano, zangu mwenyewe,
ili pasiwe sifuri.
Siku ya pili: vimikono vya kusali, kumi na vinne, na mshumaa.
Siku ya nne mtu nisiyemjua akauliza:
na huyu naye, ni kweli?

Mama aliiona ile picha. Hakunigombeza.
Alitafuta kilemba cha kitenge cha kijani,
akakaa mbele ya cherehani, mguu kwenye kikanyagio,
bega la kushoto limeshuka
upande ule uliokatwa ziwa,
yeye aliyezaliwa na kukulia kando ya ziwa,
akasema: Piga sasa.
Mimi si maiti. Mimi ni fundi.

Nikafuta yote, nikaandika upya:

"Huyu ni Mama Nsimire wa Kadutu,
mabati ya buluu, ukishuka ngazi kutoka sokoni.
Kama ulisoma huku, shati lako jeupe
huenda limepita mikononi mwake.
Na kama baba yako hakutimiza pesa,
alikushonea shati zima, akaacha kifungo kimoja,
akakuambia: hicho utalipa ukikua.
Tunatafuta dola elfu mbili mia nne na sitini.
Mionzi iko ng'ambo ya mpaka. Kuna nauli, chumba,
damu, dawa ya kuzuia kutapika.
Karatasi ya daktari hii hapa, muhuri unasomeka.
Pesa anapokea Mugisho, kaka yangu,
mtu anayerudisha hata chenji ya makaa."

Usiku huohuo, kutoka Kolwezi: *kifungo changu*. Dola kumi.
Kutoka Kampala: *cha tatu toka juu, nilikitafuna darasani*.
Kutoka mahali pasipotajwa:
*changu, na cha mdogo wangu ambaye hakufika kukua*.
Mmoja hakueleza kitu. Mia mbili.
Hata mwenye duka la sabuni pale chini,
tusiyesalimiana naye tangu kesi ya mfereji,
franka elfu tano, majina yake yote matatu, tuone.

Kumbe ugonjwa hautoi mtu pesa mfukoni.
Ugonjwa umejaa mji huu kama matope ya Aprili,
unauruka, unakwenda zako.
Deni ndilo linalokushika shati.

Kila Ijumaa nikaandika: leo ametapika mara mbili,
ameshona pindo moja, amedai limenyooka.
Wiki niliyonyamaza, nao walinyamaza.

Sasa tuko wodini, tunasubiri barua ya kuvuka.
Kitanda cha nne yuko M'Lushombo,
shingo imevimba, hana simu, hana picha,
aliuza sombe Nyawera miaka ishirini.
Mama amenisukuma kwa kiwiko:
mwandikie naye.
Nimwandike nini? Sombe huliwa, ikaisha.
Haiachi kifungo.

Nimejaribu mara tatu, mara tatu nimefuta.
Mwisho nikamwinamia, nikamuuliza:
Mama, ni nani aliyekula sombe yako?
Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata,
akapangusa mdomo na upande wa kanga.
"Mji mzima," akasema. "Na wengine kwa mkopo."

Simu ina asilimia saba.
Nimeandika: *Bukavu, nani alishiba?*
Nimeweka mikono yake tu, vidole vyenye utomvu mweusi
usiotoka hata kwa sabuni ya yule jirani.

Za kwanza zimeingia sasa hivi.
Dola tano, bila jina,
ili pasiwe sifuri.
Mama amegeukia ukutani,
amejifanya amelala.