Wiki ya Msamaha

Likizo ya Juni. Vumbi la Isevya limelala dirishani
kama msomaji aliyekuja na nia njema akasinzia.
Nimebandika tangazo mlangoni kwa mkono wangu,
kwa kalamu ya wino mzito iliyokuwa inakata roho:
RUDISHA KITABU CHOCHOTE. FAINI HAKUNA.
HATUTAULIZA KILIKUWA WAPI.

Watoto ndio wa kwanza, na si kwa msamaha.
Wamefuata saa ya hadithi na uji wa Mama Kaswende:
Kulwa bila Doto (Doto ana tetekuwanga),
Shija, mdogo wao, kandambili za kushoto zote mbili,
na binti wa Cheyo asiyekubali kukaa mkekani,
anasoma wima, kama anayengoja treni.

Kisha wakubwa, mmoja mmoja, wakiangalia nyuma.
Atlasi ilitoka ndani ya khanga.
Fundi baiskeli alileta kamusi inayoanzia herufi D;
A, B na Ch, alisema, ziliwasha jiko
mwaka ule kuni zilipolowa.
Mwalimu mstaafu akaweka mezani vitabu vitatu
ambavyo havijawahi kuwa vyetu.
Nikavipokea. Tangazo ni tangazo.

Kukopa harusi, kulipa matanga, ndivyo tulivyolelewa.
Lakini matanga ya wiki hii yalikuwa na uji wenye sukari.

Alhamisi, saa nane, pikipiki kutoka Sikonge
ikamshusha Nyamizi Kapela na boksi la sabuni.
Ndani, kitabu cha ufugaji wa nyuki,
jalada limekwenda zake, uti wa mgongo umeshikwa na nta.
Muhuri: *Kirudishwe 14 Machi 1979.*
Mazoea ni ugonjwa: nilianza kupiga hesabu,
siku mara senti, miaka mara siku,
nikafika bei ya paa jipya, nikaacha.

"Alikopa baba," akasema. "Tumemzika Aprili.
Mimi sijakifungua. Alikataza: mali ya watu."

Nikakifungua mimi.
Pembeni mwa kila ukurasa, penseli.
Kitabu kinasema mzinga utazame mashariki;
penseli inasema: *Hapana. Nimejaribu. Upepo wa Julai unaingia.*
Kitabu kinasema fukiza majani makavu;
penseli: *Mavi ya ng'ombe yana moshi mpole.*
Ukurasa wa thelathini, neno moja tu: *Kweli.*
Limepigiwa mstari, kama aliyeshindwa akakubali.

Binti wa Cheyo alishafika begani kwangu.
Akakichukua bila kuomba, akasoma kwa sauti,
na mkeka mzima ukageuza shingo.
Ya kitabu aliyaruka. Alisoma ya penseli,
hadi ukurasa wa arobaini na mbili:
*Leo Nyamizi kazaliwa. Mvua kidogo.
Sikwenda porini. Nyuki wanisamehe.*

Nyamizi akakaa kwenye kiti cha watoto,
magoti yakamfika kifuani.
Hakuna aliyemwambia pole. Shija alimsogezea kikombe chake cha uji,
kilichobaki nusu.

"Kumbe," akauliza binti, "mtu anaruhusiwa kubishana na kitabu?"
Juu ya kichwa chake, ukutani, Kanuni ya Nne:
NI MARUFUKU KUANDIKA KATIKA VITABU.
Niliiandika mimi, wino uleule.
Nikaitazama. Nikamtazama.
"Kwa penseli," nikasema. "Na uwe umejaribu kwanza."

Nikagonga muhuri wa kupokea. Miaka yote ile,
sauti yake ilikuwa ndogo, kama mbegu kudondoka.
Nyamizi hakuinuka.
"Sasa," akasema, "naweza kukikopa?"

Hana kadi. Nikajaza fomu;
penye mdhamini nikaweka jina langu.
"Wiki mbili," nikamwambia, nikigeuza tarakimu za tarehe.
Akacheka, kwa mara ya kwanza, meno yote nje:
"Wiki mbili! Mwenzangu,
ukoo wetu unasoma polepole."